Kansa imekwisha, lakini masikio nayo yapimwe

Na Daktari Wetu

WAHENGA walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hii inawafaa sana watu waliotibiwa kansa ya kichwa na shingo kwa miale. Mgonjwa humaliza wiki sita au saba za kulazwa chini ya mashine, ngozi ya shingo hupona, koo huacha kuuma, na siku moja daktari humwambia kuwa uvimbe hauonekani tena. Jamaa hufurahi, na wengine huchinja mbuzi. Kisha mwaka mmoja au miwili baadaye, mtu yule yule huanza kuitwa mara tatu kabla ya kuitika.

Nyumbani watu humwelewa vibaya. Mke husema mumewe ameingiwa na kiburi tangu apone. Watoto husema mzee ameanza kusahau. Kazini husemwa kwamba ugonjwa ulimwachia akili nzito. Yeye mwenyewe hudhani ni nta iliyojaa masikioni, au ni uzee, au kwamba watu wa siku hizi hawajui kusema kwa sauti. Ni wachache sana wanaokumbuka kuihusisha hali hiyo na matibabu yaliyokwisha zamani.

Msomaji, uziwi huu ndio ninaotaka tuuzungumzie leo. Jambo kubwa ambalo ningependa ulishike ni kwamba mara nyingi huja polepole na kwa kuchelewa, wakati ambapo hakuna mtu anayeutazamia. Kwa hivyo anayetaka kuukabili hana budi kupimwa masikio kabla ya matibabu kuanza, na kuendelea kupimwa kwa miaka kadhaa baada ya kansa kutoweka.

Ni kansa zipi?

Kansa za kichwa na shingo ni jina la jumla la kansa za mdomo, ulimi, koo, kikoromeo, pua na tezi za mate. Si zote zinazotishia masikio kwa kiwango kimoja. Kansa ya kikoromeo, kwa mfano, iko chini shingoni, na miale inayoelekezwa huko kwa kawaida hailifikii sikio sana. Walio katika hatari kubwa ni wagonjwa wa kansa inayoota nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo, na wale wenye kansa ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio.

Kansa hii ya nyuma ya pua si ngeni hapa Kenya. Katika miaka ya 1960, Dkt Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi jijini Nairobi, aliichunguza na kuandika juu yake. Inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo viligunduliwa mwaka wa 1964 katika uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wa nchi jirani ya Uganda. Huwapata watu wengi wakiwa bado wana nguvu za kufanya kazi na kulea watoto, na wakati mwingine huwapata hata vijana.

Kwa kuwa imejificha ndani kabisa, kisu cha mpasuaji hakiifikii kwa urahisi. Bahati nzuri ni kwamba inasikia miale vizuri. Ndiyo maana tiba yake kuu ni miale, aghalabu ikiandamana na dawa za kuua kansa. Tatizo ni kwamba mahali hapo ni jirani wa karibu mno wa sikio.

Hapa niongeze onyo kwa msomaji ambaye hajawahi kuugua kansa. Ugonjwa huu wenyewe unaweza kuanza kwa kuziba sikio. Mtu mzima ambaye sikio lake moja limeziba kwa wiki kadhaa na hana mafua, hasa ikiwa pia anatokwa na damu puani au ana uvimbe shingoni usiouma, asiendelee kununua matone ya masikio dukani. Amwone daktari wa masikio, pua na koo ili achunguzwe nyuma ya pua.

Sikio linavyofanya kazi

Ili uelewe miale inavyodhuru, lazima kwanza tulitazame sikio. Lina sehemu tatu. Sehemu ya nje ni tundu unaloliona, linaloishia kwenye kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma. Sehemu ya kati ni chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mna vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Chumba hiki kina mrija unaoteremka hadi nyuma ya pua. Kazi ya mrija huo ni kuingiza hewa na kutoa majimaji. Unapomeza mate ndani ya gari linaloteremka mlima na kusikia masikio yakizibuka, ni mrija huo uliofunguka.

Sehemu ya ndani ndiyo yenye ufundi mkubwa. Ni mfupa uliojikunja kama gamba la konokono, wenye ukubwa wa punje ya mbaazi, na ndani yake mna maji na chembechembe takriban 15,000 zenye vinyweleo. Chembechembe hizi hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa neva unaokwenda kwenye ubongo. Mwili wa binadamu hauwezi kuziotesha upya. Zikifa, zimekufa.

Madhara ni ya aina mbili

Uziwi unaotokana na miale unaweza kuwa wa aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu moja huweza kutibika na nyingine haitibiki kwa dawa.

Aina ya kwanza ni uziwi wa kuziba. Miale huvimbisha ule mrija unaotoka nyuma ya pua, au huukausha na kuukaza. Majimaji hukusanyika nyuma ya kiwambo, na mgonjwa husikia kama mtu aliyezamisha kichwa katika ndoo ya maji. Sauti yake mwenyewe humvumia kichwani. Miale pia hukausha ngozi ya tundu la sikio, nta hugeuka kuwa ngumu kama gome, na wakati mwingine tundu lenyewe huwa jembamba. Uziwi wa aina hii unaweza kuanza wakati matibabu yangali yakiendelea au miezi michache baadaye. Kwa wengine hupungua wenyewe uvimbe unapotulia.

Aina ya pili ni uziwi wa sikio la ndani. Hapa miale imezijeruhi zile chembechembe zenye vinyweleo, au mishipa midogo ya damu inayozilisha, au neva ya kusikia. Mishipa hiyo huendelea kuwa myembamba na kuziba hata baada ya mashine kuzimwa. Ndiyo sababu madhara huonekana baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kati ya mwaka mmoja na miwili, na yanaweza kuendelea kuongezeka kwa miaka. Uziwi huu ni wa kudumu.

Si kila mgonjwa hupatwa. Uchunguzi wa wagonjwa ambao sikio lao la ndani lilikuwa katika njia ya miale umeonyesha kuwa karibu thuluthi moja yao hupungukiwa na usikivu wa sauti nyembamba. Mengi hutegemea kiwango cha miale kilicholifikia sikio, umri wa mgonjwa, hali ya masikio yake tangu awali, na dawa alizopewa.

Miale hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Mgonjwa wa kansa ya nyuma ya pua kwa kawaida hupewa grei 70 hivi, zikigawanywa katika siku 33 hadi 35, siku tano kwa wiki. Kiwango hicho ni cha uvimbe, si cha sikio. Mapendekezo ya wataalamu yaliyotolewa mwaka wa 2010 yanasema kuwa wastani wa miale inayolifikia sikio la ndani usizidi grei 45, na ikiwezekana usizidi 35.

Zamani miale ilipigwa kutoka upande wa kulia na wa kushoto, na masikio yote mawili yalikuwa njiani. Mashine za kisasa huweza kuikunja miale ifuate umbo la uvimbe na kulikwepa sikio kwa kiasi kikubwa, mradi mpangaji wa matibabu aweke alama ya sikio la ndani kwenye picha za kompyuta. Hata hivyo, uvimbe ukiwa umeegemea sikio lenyewe, hakuna fundi awezaye kulikwepa kabisa.

Dawa iongezayo makali

Wagonjwa wengi hupewa dawa iitwayo sisplatini pamoja na miale. Dawa hii huipa miale nguvu zaidi dhidi ya kansa na imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini nayo hudhuru chembechembe zile zile za sikio, na hudhuru masikio yote mawili. Kadiri jumla ya dawa inavyoongezeka ndivyo hatari inavyoongezeka. Miale na sisplatini vikikutana katika sikio moja, madhara huwa makubwa kuliko kila kimoja peke yake.

Tofauti na miale, sisplatini haingoji miaka. Inaweza kuanza kudhuru baada ya sindano ya kwanza au ya pili. Dalili ya mapema ni mvumo masikioni, kama wa nyenje au wa chai inayotokota. Ukiusikia, usinyamaze ukidhani ni uchovu. Mwambie daktari wa kansa kabla ya dozi inayofuata. Yeye anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha ratiba, au kutumia dawa nyingine kama kaboplatini ambayo kwa kawaida haiumizi masikio kwa kiasi hicho. Uamuzi huo ni wake, maana ndiye anayejua uvimbe umefika wapi. Asichokijua ni kwamba sikio lako linavuma, mpaka umwambie.

Kuna dawa nyingine zinazochangia. Sindano za jentamaisini na amikasini, ambazo hutumika sana katika hospitali zetu kutibu maambukizi makali, hudhuru sikio la ndani. Furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, nayo inaweza kuongeza madhara hasa figo zikiwa dhaifu. Ukienda hospitali yoyote kwa ugonjwa mwingine, sema mapema kwamba ulitibiwa kwa miale na sisplatini.

Dalili za mwanzo

Uziwi huu huanza kwa sauti nyembamba. Mgonjwa huacha kusikia mlio wa simu ndogo, ndege asubuhi, au kipaza sauti cha saa. Sauti nene kama ngurumo ya lori huendelea kuzisikia vizuri, na ndiyo maana hukataa kuwa ana tatizo. Husema, "Nasikia, ila sielewi mnavyosema."

Anasema kweli. Katika lugha yetu ya Kiswahili, irabu yaani a, e, i, o na u ni sauti nene zenye nguvu. Herufi kama s, t, f, k na sh ni nyembamba na dhaifu. Masikio yakipoteza sauti nyembamba, mtu husikia irabu na kukosa konsonanti. Maneno paka, taka, saka na shaka yote huwa kitu kimoja. Sita hugeuka tisa, na mtu aliyeambiwa sokoni kuwa deni ni shilingi sitini hutoa tisini. Hali huwa mbaya zaidi penye kelele, kwa mfano ndani ya matatu, kanisani au msikitini penye mwangwi, au katika harambee watu wengi wanapozungumza kwa pamoja.

Jichunguze kwa maswali haya. Je, watu wa nyumbani hulalamika kuwa unafungua redio kwa sauti ya juu? Je, huwaelewa watoto na wanawake kwa shida kuliko wanaume? Je, kwenye simu hupendelea sikio moja? Je, umeanza kuwatazama watu midomoni wanapozungumza? Je, umeacha kwenda mikutanoni kwa sababu unachoka? Ukijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, kapimwe.

Pima kabla ya mwale wa kwanza

Kipimo cha masikio hakiumi. Unaketi katika chumba kisicho na kelele, unavalishwa vipokea sauti, na unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio hata ukiwa hafifu. Milio huanzia ile minene ya hezi 250 hadi ile myembamba ya hezi 8,000. Majibu huchorwa kwenye karatasi yenye mistari. Kipimo kingine hutikisa kiwambo kwa hewa kidogo kuonyesha kama kuna majimaji nyuma yake. Vipimo hivi viwili kwa pamoja hueleza ni uziwi wa aina gani.

Umuhimu wa kupima kabla ya matibabu ni huu. Watu wengi wa makamo tayari wamepoteza usikivu kiasi bila kujua, iwe ni kwa kelele za kiwandani, za jua kali au za muziki wa matatu. Bila karatasi ya mwanzo, hakuna awezaye kusema miale ilichukua kiasi gani na kelele zilichukua kiasi gani. Zaidi ya hayo, karatasi hiyo humwambia daktari sikio lipi ndilo zima ili alikinge. Mtu mwenye sikio moja tu linalosikia lazima mpangaji wa matibabu ajue.

Ratiba ninayowapendekezea wagonjwa wangu ni nyepesi kukumbuka. Pima kabla ya kuanza. Kama unapewa sisplatini, pima tena katikati ya matibabu. Pima yanapokwisha, kisha baada ya miezi sita, halafu mara moja kila mwaka kwa miaka mitano au zaidi. Ukisikia mabadiliko yoyote, usingoje mwaka utimie. Weka karatasi zote katika bahasha moja pamoja na barua ya hospitali inayoeleza kiwango cha miale ulichopewa.

Zamani ilikuwa lazima karibu kila mgonjwa wa miale asafiri hadi Nairobi. Hivi leo kuna mashine za umma pia Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini linamaanisha pia kuwa mgonjwa hurudi haraka kijijini na kuhudumiwa na kliniki ndogo ambazo hazina historia yake. Bahasha yako ndiyo itakayokusemea.

Kinachoweza kufanywa

Watu hupenda kusema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa maradhi haya methali hiyo isikukatishe tamaa, kwa maana kuna mengi yanayoweza kufanywa hata pale dawa ya kuponya haipo.

Kama tatizo ni nta, daktari huitoa kwa chombo maalum huku akitazama. Kama ni majimaji nyuma ya kiwambo, mara nyingi hungojewa kwa muda kuona kama yataondoka yenyewe. Yasipoondoka, mpasuaji anaweza kutoboa kiwambo na kuweka kijibomba kidogo. Hata hivyo sikio lililopigwa miale halifanani na la mtoto mwenye mafua. Kijibomba hicho kinaweza kuleta usaha usiokoma, kwa hivyo daktari hupima faida na hasara kabla ya kukiweka. Usikasirike akikuambia mngoje.

Kwa uziwi wa sikio la ndani, msaada mkubwa ni kifaa cha kusikilizia kinachovaliwa nyuma ya sikio au ndani yake. Kifaa hicho hakirudishi sikio la ujana. Hukuza sauti zile ulizopoteza, na ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzizoea. Wengi hukivaa siku mbili, wakasikia sufuria zikigongana kama radi, wakakitupa kabatini. Rudi kwa mtaalamu akirekebishe. Anayeanza kukitumia mapema hufaidika zaidi ya anayengoja mpaka ubongo usahau sauti. Kwa yule ambaye tundu la sikio lake hutoka usaha, kuna vifaa vinavyopitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa bila kuziba tundu.

Pale ambapo kifaa cha kawaida hakisaidii tena, kuna kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji na kuisisimua neva yenyewe. Upasuaji huo hufanywa Nairobi, na umewasaidia hata watu waliopigwa miale, kwa sababu neva mara nyingi hubaki hai hata chembechembe zikifa. Gharama yake ni kubwa mno kwa wengi wetu.

Kuhusu malipo, iulize ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ikueleze ni huduma zipi unazostahiki. Aliyepoteza usikivu kwa kiasi kikubwa anaweza pia kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengine huona haya kuitwa walemavu. Haya hiyo haina faida.

Mambo ya kuepuka

Ngozi na mfupa wa sikio lililopigwa miale havina damu ya kutosha, na kidonda kidogo huchukua muda mrefu kupona. Kwa hivyo usitie njiti ya pamba, kalamu, pini wala kiberiti ndani ya sikio. Usimiminie mafuta ya moto, maji ya vitunguu wala dawa nyingine ya kienyeji. Usikubali kupigwa maji ya bomba la sindano kuondoa nta kabla ya kumwambia mhudumu kuwa sikio hilo lilichomwa kwa miale. Jiepushe na kelele kubwa, na kama kazi yako ni ya kuchomelea vyuma au kusaga, vaa vizibo vya masikio. Acha sigara, maana huibana zaidi mishipa midogo ya damu.

Kuna dalili nne ambazo hazingojei kliniki ya mwezi ujao. Ya kwanza ni sikio kuziba ghafula kwa saa chache au siku moja. Hiyo ni dharura, na dawa yake hufanya kazi vizuri ikitolewa katika siku za mwanzo. Ya pili ni maumivu makali ya sikio pamoja na usaha unaonuka, ambayo yanaweza kuonyesha kuwa mfupa umeanza kuoza, jambo linaloweza kutokea hata miaka mingi baada ya miale. Ya tatu ni upande mmoja wa uso kulegea. Ya nne ni sikio kuziba upya pamoja na damu puani, uvimbe shingoni au kuona vitu viwili viwili. Dalili hii ya nne inaweza kumaanisha kuwa kansa imerudi.

Watoto

Mtoto aliyepigwa miale karibu na ubongo au nyuma ya jicho, au aliyepewa sisplatini, anahitaji uangalizi zaidi. Mtu mzima akipungukiwa na usikivu huwa tayari ana lugha. Mtoto bado anaijenga, na asiposikia vizuri matamshi yake huharibika na masomo hudorora. Mwalimu humwona mvivu au mkaidi, na kumbe hasikii kutoka dawati la nyuma. Mwaka wa 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kukinga masikio ya watoto wanaopewa sisplatini kwa aina fulani za kansa, nayo ni sodiamu thiosalfeti inayotolewa saa sita baada ya sisplatini. Mzazi anaweza kuuliza kama inamfaa mwanawe na kama inapatikana.

Mzazi, mwarifu mwalimu mkuu kwamba mtoto alitibiwa, na uombe akalishwe mbele. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilivyo katika kaunti, na Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, vinaweza kukuelekeza.

Wanaoishi na mgonjwa

Kupiga kelele hakusaidii. Kelele hukuza zile irabu anazozisikia tayari, na humfanya aone kuwa unamgombeza. Kaa mbele yake penye mwanga, mguse bega kabla ya kuanza, sema polepole kwa sauti ya kawaida, na zima redio kwanza. Asipoelewa neno, tumia neno lingine badala ya kulirudia lile lile mara tano. Namba za pesa na tarehe za hospitali mwandikie. Usimjibie mbele ya daktari, ila andamana naye.

Na tafadhali usiseme "acha tu, si kitu" anapouliza mlikuwa mkicheka nini. Wagonjwa wameniambia kuwa neno hilo huuma kuliko miale. Mtu asiyejibiwa hatimaye huacha kuuliza, hujitenga, na huzuni humwingia. Aliyeponywa kansa halafu akaachwa peke yake sebuleni bado hajaponywa vya kutosha.

Usikatae matibabu

Yamkini kuna msomaji aliyepangiwa kuanza miale mwezi huu, na baada ya kusoma haya amejiambia bora aache. La hasha! Kansa ya nyuma ya pua isipotibiwa huingia kwenye mifupa ya kichwa na neva, ikayaziba masikio yenyewe, kisha ikaua. Ikitibiwa mapema, wengi hupona. Ukiwekewa usikivu kidogo na uhai katika mizani, uhai ni mzito zaidi, na hakuna daktari mwaminifu atakayekushauri vinginevyo.

Ninachokuomba ni kwamba uende ukiwa na maswali yako. Muulize daktari wa miale: Je, masikio yangu yamo katika njia ya miale? Yatapata kiwango gani? Je, nitapewa sisplatini, na kwa ratiba gani? Ni nani atakayenipima masikio kabla ya kuanza? Baada ya kumaliza, nirudi lini kupimwa tena? Maswali haya matano yanaweza kuandikwa kwenye kipande kimoja cha karatasi na kutiwa mfukoni.

Na wewe uliyemaliza matibabu miaka mitatu iliyopita, ambaye siku hizi unawaambia watu warudie maneno, hujachelewa. Nenda katika hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe, uombe kutumwa kwa mtaalamu wa masikio, na uwaambie wazi kuwa ulipigwa miale ya kichwa au shingo. Mchukue mtu wa nyumbani mwende pamoja, maana mara nyingi yeye ndiye aliyeona mabadiliko kabla yako.